Ng'ombe Waliovaa Sketi

Mkawasi, mpishi wa harusi kule milima ya Taita, hakuwahi kufuga hata kuku. Tajiri Mwakio alikuwa amemwahidi mbele ya wageni kwamba akimpikia harusi ya mwanawe, atajichagulia ng'ombe mmoja wa maziwa. Jioni ya harusi, Mkawasi alipokwenda kuchagua, alikuta ng'ombe saba zizini wamefungwa magunia kiunoni, kama sketi.

"Wana nini, mzee?" aliuliza.

"Wana haya," Mwakio alisema. "Mmoja tu ndiye anayekamuliwa, hao wengine wamekauka. Chagua, lakini usiguse, usifunue gunia, wala usimuulize mkamuaji."

"Sawa. Basi niazime ndoo ya kukamulia."

"Ya nini?"

"Niwapigie ngoma. Nikipata ng'ombe asiyependa ngoma, tutaishije?"

Mwakio alicheka mpaka akakaa chini, akampa ndoo. Mkawasi aliipiga kwa mwiko, akazunguka zizi akiimba na kukata kiuno. Ng'ombe waliendelea kucheua. Alipochoka, alisimama mbele ya mmoja mwembamba, aliyepakwa matope mpaka kwenye pembe.

"Namtaka huyu."

Kicheko kilimkauka Mwakio. "Huyo hata kichwa hakutikisa. Na wewe ni mgeni wa ng'ombe, umejuaje?"

"Mimi ndiye mgeni, mzee. Yeye kazi ameizoea. Akisikia ndoo yake, maziwa hushuka yenyewe," Mkawasi alisema. "Tazama sketi yake ilivyolowa."