Kiboksi, Platini na Jina la Mtoto

Hapo zamani, magari ya platini yakiwa bado yanapanda milima ya Rungwe, filimbi nyembamba ililia usiku wa manane nyumbani kwa Subilaga. Haikuwa filimbi. Ilikuwa pumzi ya mwanawe, kichanga asiyepewa hata jina, ikipita kifuani kwa shida. Subilaga alikuwa na umri mdogo, huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, na mumewe yuko mbali machimboni. Akamfunga mtoto kifuani, akatoka mbio mvuani, viatu mkononi, hadi kwa Mzee Ambakisye, mwenye gari pekee kijijini.

Lilikuwa pikapu kuukuu. Awali mvua ikinyesha lilikuwa haliwaki, kwani platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto, zilishika unyevu. Lakini mwezi huo fundi Lugano, mpangaji wa mzee, alikuwa amezing'oa, akaweka kiboksi cha umeme kinachofanya kazi ileile bila kitu kugusana. Platini akazitupa jalalani. Watu walimcheka. Usiku ule gari likawaka mara moja.

Mzee akashika usukani, Lugano akapanda, na Bibi Sekela, mke wa mzee, naye akapanda, akisema mzazi hapelekwi hospitali na wanaume peke yao.

Njiani filimbi ikaanza kufifia. Subilaga akasema kwa pumzi moja, bila kufikiri: "Atakayenifikishia huyu hospitali akiwa hai, mtoto nampa jina lake, naapa, jina lake."

Wote watatu wakasikia.

Mbele, mti ulikuwa umelala barabarani. Breki ya mkono ilikwishakufa zamani, kwa hiyo mzee akaizimisha injini kwa gia ili gari lisirudi nyuma, swichi ya moto akaiacha imewashwa, kama alivyozoea miaka yote. Walipomaliza kuuburuta ule mti, kiboksi, kwa umeme uliokipitia muda wote huo, kilikuwa kimechemka na kufa.

Lugano akashika kichwa. Bibi Sekela akavuta kitambaa chini ya kiti, akakifungua: zile platini. Mvua ilikuwa imekatika. Lugano akazifunga mahali pake, lakini hakuwa na kipimo cha nafasi inayotakiwa kati yake. Mzee akachana kona ya kadi ya kliniki ya mtoto, akaipitisha katikati yake kupima nafasi hiyo, vidole vikiona kisichoonwa na macho. Gari likakohoa, likaunguruma.

Kulipopambazuka walikuwa hospitalini, na mtoto alikuwa ananyonya.

Kwenye benchi nje ya wodi, Lugano akamgeukia Subilaga. "Mama, bila kiboksi changu tusingetoka hata uani."

"Kiboksi kilikufa, kijana," akasema mzee. "Mikono hii haikufa."

"Na kiliuawa na nani?" akauliza Bibi Sekela. Akamwonyesha mumewe kidole: "Hiyo mikono ingepima nini, kama mimi nisingeinama jalalani?"

"Uliziokota umuuzie mnunua vyuma chakavu," akasema mzee.

"Na sikuuza."

Subilaga akawatazama: huyu aliyethubutu jipya, huyu asiyesahau la kale, huyu asiyetupa kitu. Hajapata kuona watu wa namna hiyo. Angekuwa na watoto watatu, angewapa majina yao wote, lakini kiapo ni kimoja na mtoto ni mmoja, na muuguzi amesimama mlangoni pa wodi, kalamu mkononi, anauliza mtoto anaitwa nani.

Je, msikilizaji, jina la nani liandikwe? Mnong'oneze Subilaga sikioni. Anaogopa kumwumiza yeyote kati yao, na ameahidi kwamba utakalomwambia, hatamwambia mtu mwingine.