Kindi na Gari la Milango Mitano

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa gari.
Na litembee!
Dogo, umbo jipya, milango mitano.
Na litembee!

Haya, sogeeni. Na wewe wa huko nyuma, acha kutafuna.

Kindi alikuwa na watoto, na kati ya nyumba yake na mikorosho palikuwa na uwanda mtupu. Juu ya uwanda, Mwewe. Msimu uliopita mtoto mmoja alinyakuliwa, fyuu, hakurudi. Basi Kindi akamchumia korosho Ngedere, muuza magari, mpaka mikono ikachubuka, apate lile gari lenye paa la chuma.

Siku Kindi alipomaliza kulipa akaja Kiboko, tii, tii, tii.

"Hili langu."

"Nimelitolea jasho, mzee."

"Na mimi nimelitaka."

Akabana tumbo, akajipenyeza, akafunga mlango: ko! Ngedere akatazama chini. Desturi ya uwanja wake wa magari ni moja: siku ya uzinduzi, mbele ya watu, anayeketi akafunga mlango mwenyewe ndiye mwenye gari. Na uzinduzi ulikuwa Ijumaa.

Machozi yalimtoka Kindi. Ila aliona tumbo la Kiboko lilivyogusa usukani, akayafuta.

"Limekupendeza, mzee. Lakini tupu hivi, watasema ni gari la Kindi."

Kiboko akanuna. "Ongeza!"

Ngedere akaweka viti vya ngozi, sponji nene, pwaa. "Linatosha?"

"Kwa Kindi linatosha," akasema Kindi.

"Ongeza!"

Akaweka spika milangoni na sabufa nyuma ya kiti, ndu, ndu. "Linatosha?"

"Kwa Kindi linatosha."

"Ongeza!"

Akaweka friji kando ya dereva. Kiboko akalipa matikiti, mkokoteni kwa mkokoteni.

"Na dirisha la paani?" akauliza Ngedere.

"Hilo hapana," Kindi akadakia. "Jua litamchoma mzee ngozi."

Kiboko akamshukuru kwa kumjali.

Ijumaa ikafika, uwanja ukajaa. Kiboko akaingiza mguu, ukaingia. Akaingiza tumbo, likakwama. Akavuta mlango, kwaa! Ukamrudia. Akavuta tena, kwaa!

"Toeni hivi viti!"

"Siku ya uzinduzi hakitolewi kitu, mzee," akasema Ngedere, safari hii kichwa juu.

Wakamvuta Kiboko kwa kamba, puu, chini. Kindi akaruka kitini, akashika mlango kwa mikono miwili: ko! Vigelegele vikapasuka.

Watoto wakajazana nyuma, vruuum! Miguu ilifikaje kwenye breki msiniulize, ngano ni yangu. Uwandani Mwewe akashuka, akaligonga paa, ngaa! Mdomo ukapinda. Watoto wakacheka mpaka wakadondoka vitini, na mama yao akacheka nao, akilia kidogo kwa yule aliyekosekana, kisha akafungulia sabufa.

Nami ngano nimeiegesha hapa, ufunguo ninao. Funzo lake, wanangu: mtu atosheke na kidogo. Mkibisha, mwulizeni Kindi. Ila mgongeeni kioo kwa nguvu, maana kwa muziki ule hasikii.