Tonge la Mkono Uliorudi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani hii ya mashine zinazochungulia ndani ya kichwa cha mtu, alikuwapo mshona kofia akiitwa Bi Zuwena. Mumewe alikuwa Makame, mtu mpole kupita kiasi. Wifi yake, dada wa Makame, alikuwa Bi Riziki, na huyo sina haja ya kumweleza, mtamsikia mwenyewe.

Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, nyumba nzima imelala kwa saumu. Bi Riziki akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akamkuta wifi yake kajilaza mkekani. Akamwambia, "Wewe Zuwena, futari itajipika yenyewe?" Kimya. Akasema tena, "Au kaka yangu alikuoa uje ulale?" Kimya. Watu wa nyumbani wakamwambia, "Mwache, saumu imemkamata. Akipata uji ataamka."

Bi Riziki akasema, "Wifi yangu huyu hajapata kuniacha niseme mara mbili asinijibu. Hii si saumu." Akampindua, akaona mdomo umekwenda upande. Akauinua mkono wa kulia, ukaanguka kama kitambaa. Akatoka mbio, akasimamisha gari la kwanza lililopita, la muuza barafu, wakamlaza mgonjwa kati ya magunia na kumkimbiza hospitali.

Hospitali wakauliza, "Kiharusi kimeanza saa ngapi?" Nani ajue? Kilimkuta usingizini. Na tiba ya kiharusi ina muda wake; ukichelewa, yaweza kudhuru badala ya kuponya. Madaktari wawili wakatikisa kichwa, wakasema huenda muda umeshapita. Wa tatu, Daktari Kokushubira, akasema, "Saa siijui. Basi tuutazame ubongo wenyewe."

Akamwingiza kwenye mashine, akamtia dawa ya rangi mshipani, akaifuata damu inavyopita kichwani: wapi inafika, wapi inachelewa, wapi haifiki kabisa. Akaonyesha kwa kidole. "Hapa pamekufa, ni padogo. Hapa pote hapajafa, pana kiu tu. Tukiwahi, patakunywa." Wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kichwani, wakalivuta donge la damu lililoziba njia. Kesho yake Bi Zuwena akafumbua macho, akamwona wifi yake. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Futari ujipikie." Bi Riziki akalia mpaka akatolewa wodini.

Lakini mkono wa kulia haukutikisika. Daktari akapiga picha nyingine, kisha akamwita Makame pembeni. "Mzee wangu, maneno yamerudi, na mguu utarudi. Ila ile sehemu inayouamrisha mkono, damu inaifikia kwa shida sana. Nisikufiche. Tegemeo ni dogo."

Makame akashukuru, akarudi kitandani. Bi Zuwena akamuuliza, "Picha imesemaje?" Makame akajibu, "Imesema mkono utarudi, ila unataka kazi." Na alikuwa amefunga. Alijua vizuri uongo unavyoiharibu saumu, na akausema bila kupepesa macho.

Wakarudi nyumbani, kazi ikaanza. Makame akamshikisha kifuu, kikaanguka. Akamshikisha kijiko, kikaanguka. Akamfunga sindano ya kofia vidoleni kwa uzi, akamwongoza tundu kwa tundu. Bi Zuwena akauliza, "Picha ilisema kweli?" "Ilisema." Asubuhi tena, "Ilisema?" "Ilisema." Siku za kulia na kutaka kuuacha mkono, "Makame, ilisema kweli?" "Ilisema, mke wangu." Kisha hutoka uani akajipangusa macho, huko nako hakuna wa kumbembeleza. Mimi nampenda mtu huyu, sifichi.

Ramadhani ikaisha, miezi ikapita, na mkono ukarudi. Kwanza kidole gumba, kisha vingine, hata kofia ikashoneka.

Sasa, kwa watu wa mji ule, mkono uliopona haumlishi mwenyewe kwanza. Tonge lake la kwanza hutiwa kinywani mwa yule aliyeurudisha. Tonge ni moja na kinywa ni kimoja, haligawanywi.

Siku ikapangwa, pilau ikapakuliwa, daktari naye akaalikwa. Bi Zuwena akalifumbata tonge lake.

Bi Riziki akasema, "Kinywa changu hiki hapa. Ningekuwa wifi mwenye adabu ningekuacha ulale, na leo wangekuwa wanakusomea hitima."

Daktari akasema, "Ulimleta, na ahsante. Lakini bila ile picha, angelala wodini vilevile alivyokuja. Mimi niliona uhai pale wenzangu walipoona muda umekwisha."

"Na ukaona mkono utarudi," akasema Bi Zuwena. Daktari akamtazama Makame.

Makame akasema, "Hakusema hivyo. Alisema tegemeo ni dogo. Aliyesema utarudi ni mimi."

"Kila asubuhi nilipokuuliza?"

"Kila asubuhi. Ungejua, ungeuacha, nakufahamu. Saumu zangu zile nitazijibia mwenyewe kwa Mungu. Lakini kila kidole hapo nimekinyoosha mimi."

Daktari akasema taratibu, "Na usingerudi, mzee wangu? Wengi nimewaambia tegemeo ni dogo, na mikono yao haikurudi. Mkeo leo angekuwa anajilaumu kwamba hakujitahidi." Makame akainamisha kichwa.

Bi Zuwena akawatazama mmoja mmoja. Machozi yakamtoka, na hata yeye hakujua kama ni ya mapenzi au ya hasira. Mkono wenyewe bado haukuwa na nguvu. Ukaanza kutetemeka, punje za wali zikadondoka kwenye sinia.

Msinitazame mimi, kazi yangu ni kusimulia. Semeni nyinyi mlioketi hapa, wenye wake, wenye waume, wenye mawifi, na semeni upesi, maana tonge linamwagika. Je, nani alistahili kulishwa?