Dakika Kumi na Nne Zilizobaki

Ndugu zangu, leo nawachukua mbali, hadi nchi ambako maji huganda yakawa sakafu. Huko watu huvaa viatu vyenye vyuma chini, wakateleza juu ya barafu, kila mmoja na gongo lake mkononi, wakigombania kisahani cheusi cha mpira ili wakitie wavuni mwa wenzao. Wachezaji hupokezana: mtu hucheza kwa nguvu zake zote kiasi cha dakika moja, akatoka, mwingine akaingia. Kipa peke yake hapokewi zamu.

Katika mji mmoja wa huko aliishi mzee wa kwetu, mtu wa pwani, kipa wa timu ya kiwanda alichofanyia kazi. Miaka kumi na tisa alisimama golini, na kikombe cha mji hakuwahi kukigusa. Magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari alikwisha kumwambia kwamba msimu ule ndio wa mwisho. Na msimu ule ndipo timu yake ilipofika fainali.

Beki wake alikuwa kijana wa kwetu vilevile, mwepesi kuliko wote, ila mgeni wa mchezo. Alikulia kwenye kandanda, na kandanda ndiyo iliyomfundisha kuhesabu muda.

Vipindi vitatu vikaisha, mabao mawili kwa mawili. Zikatangazwa dakika ishirini za nyongeza. Kijana akaingia, akawa anateleza taratibu. Mchezo uliposimama kidogo, mzee akamwita.

"Mwanangu, mbona unakwenda kama bwana harusi anayesindikizwa? Ukichoka toka, mwenzio aingie."

"Sijachoka, ami. Naweka pumzi. Dakika ishirini ni nyingi hizi. Wao wakishalegea, ndipo utakaponiona."

"Na wakitufunga kabla hujaonekana?"

"Tutarudisha. Kwani mimi nakwenda wapi?"

Mzee akacheka, akidhani ni mzaha wa vijana, akarudi golini kwake.

Dakika ya sita, mshambuliaji mmoja akampita yule kijana ubavuni. Hatua tatu za nguvu zingemfikia. Kijana alizijua hatua hizo, miguu ilikuwa nazo, lakini akazihifadhi. Mzee akashuka kwa magoti yake mabovu, akanyoosha mguu, na kisahani kikapenya chini yake.

Sasa tujiulize: kijana alifanya nini? Alifanya ambalo mimi na wewe tungelifanya, kwani nani kati yetu hakukulia kwenye kandanda? Hakulaumu mtu. Alikitoa kisahani wavuni kwa gongo lake, akakipeleka mbio hadi katikati ya uwanja, akakiweka, akangoja. Alipoinua macho akaona ajabu: wapinzani wamekumbatiana, kofia zao zimetapakaa barafuni.

Mwamuzi akaja. Akainama, akakiokota kisahani, akakitia mfukoni.

"Tuanze," kijana akamwambia. "Tazama saa. Zimebaki dakika kumi na nne."

"Zimebaki," mwamuzi akajibu. "Mchezo ndio haupo. Nyongeza yetu huisha kwa bao la kwanza, liwe la dakika ya kwanza au la ishirini. Hukuambiwa?"

Aliambiwa. Kocha alilisema asubuhi ile, na kijana aliposikia "dakika ishirini" hakusikiliza yaliyofuata.

Mzee akaja polepole, kinyago mkononi, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Kijana akashindwa kumtazama.

"Ami, nisamehe. Mimi bado nina nguvu."

Mzee akamtazama paji la uso, likiwa kavu.

"Naona, mwanangu," akasema. Akapita.

Ndugu zangu, kijana yule alilia siku ile, na watu wakamliwaza wakidhani anakililia kikombe. Kikombe hupotea hata kwa wenye bidii. Yule mzee alikipoteza akaenda zake kulala. Kilichomliza kijana ni kwamba alitoka uwanjani na miguu mizima.

Nasi tulioketi hapa, tunajidhania tuko wapi? Aliyewahi kuugua akapona, aliyetoka salama katika ajali iliyowachukua wenzake, aliyeamka tu leo asubuhi, huyo yumo katika nyongeza. Mola hakutuficha hilo. Tuliambiwa, ila tuliposikia kwamba muda umeongezwa tukafurahi, tukaacha kusikiliza. Tukaanza kuweka pumzi. Sala ya utulivu tukaiwekea uzee. Haki ya mke tukaiwekea siku ya nafasi. Neno la kweli ambalo lingemzuia rafiki asiangamie, tukalimeza, tukasema atakapotulia tutamwambia.

Wala sisemi tukimbie ovyo kama waliopagawa. Mzee alisema vyema: uliyechoka, toka upumzike, mwenzio atakushika mkono. Lakini ukiwa ndani, ukiwa na hatua tatu, na mtu anapita ubavuni mwako, hizo hatua unamwekea nani?

Yuko mmoja miongoni mwetu, nami simjui kwa jina, aliyenuniana na dada yake mwaka wa tatu huu. Moyoni amekwisha kumsamehe. Msamaha ameuweka tayari, anangoja Idi ije, kwa kuwa siku ya Idi ni rahisi kusema. Idi itakuja, ndugu yangu. Lakini nani aliyekuhakikishia kwamba itawakuta nyote wawili? Tukitoka hapa usipitie nyumbani. Nenda ukabishe hodi kwake, ukale naye chakula cha mchana.