Mikeka ya Mama Mkwe wa Ndovu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ndovu walikuwa wakisuka mikeka na wakwe zao wakiilalia, palikuwa na nchi mbili na mto katikati. Msiniulize mto gani. Ng'ambo hii, Majabalini, aliishi Bi Pimbi, kamnyama kadogo kasiko na mkia, pamoja na wanawe wanne. Ng'ambo ile, Bondeni, alitawala Bwana Ndovu.

Mtama ulikuwa tele kotekote. Shida ilikuwa kuutwanga. Bi Pimbi na wanawe waliung'ang'ania mchi wote watano, wakauinua kwa makelele, wakauachia, puu! Kisha wanapumzika. Mpaka jua linazama wamepata kikapu kimoja cha unga, na hicho hakiwatoshi. Watoto walikuwa wamekonda vibaya, na yule mdogo alishaacha hata kulia.

Lakini kwenye kusuka, Bi Pimbi alikuwa na vidole vyepesi. Kwa siku alitoa mikeka miwili mizima. Basi akaivingirisha, akajitwika, akaenda Bondeni kutafuta unga.

Kwenye gogo la kuvukia alimkuta Bwana Ndovu mwenyewe amekaa, maana hakumwamini mtu mwingine kulinda mpaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Mikeka, mzee. Nabadilisha na unga."

"Sheria ya Bondeni unaijua? Hakiingii kitu hapa mpaka mwenye nacho anishinde. Shindano chagua mwenyewe, mradi lihusu mzigo wako. Ukishindwa unakula kwangu, umjue vizuri aliyekushinda, halafu unarudi kwenu."

Bi Pimbi alisikia neno kula tu. "Tushindane kusuka haraka, mzee."

Wakasuka kutwa nzima. Ndovu alisuka kwa mkonga, kwa miguu, na kwa sikio la kushoto. Fyu, fyu, fyu. Jioni alikuwa na mikeka minne, Bi Pimbi miwili. Ndovu akapiga baragumu kwa mkonga wake mpaka ndege wa Majabalini wakahama.

Wakaenda nyumbani. Bi Pimbi akanawa, akakaa kitako, akafumba macho kusubiri harufu ya ugali. Mama Ndovu akaweka sinia katikati. Juu ya sinia palikuwa na mkeka umekatwa vipande vipande, na mchicha pembeni.

"Mke wangu, hiki nini?"

"Chakula. Leo umesuka mikeka, unga hukutwanga. Nimepika ulichotengeneza. Chumvi hiyo hapo."

Bwana Ndovu akatafuna, kru, kru. Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mkwe wangu, huu wa kwangu haujaiva."

Huyo alikuwa mama mkwe wake, amekuja kutembea. Na mila za ndovu kwa mama mkwe hazina mchezo. Kila jioni atandikiwe mikeka miwili mipya, mmoja wa mwili na mmoja wa miguu. Na ashibe. Akilala njaa siku saba mfululizo, anamchukua binti yake na kuondoka naye. Siku hiyo ilikuwa ya sita.

Bi Pimbi akamfuata Mama Ndovu jikoni, akamnong'oneza. "Dada, mzee akiushika mchi asubuhi mpaka jioni, anatoa vikapu vingapi?"

"Kumi na viwili. Lakini ataushika saa ngapi? Mpaka adhuhuri yuko na mikeka ya mama. Akija kutwanga anapata sita, na nyumba hii inakula vinane. Mume wangu ni bingwa wa kila kitu, na kila siku tunalala na njaa."

Bi Pimbi akahesabu kwa vidole, akatabasamu.

Asubuhi akarudi kwenye gogo. Mama mkwe naye alikuwa pale, kajitanda kanga mpaka puani, kifurushi cha safari kiko miguuni. Bwana Ndovu hakuacha kukitazama kifurushi hicho, maana alimpenda mkewe kwelikweli.

"Umekuja kushindwa tena?" akamuuliza Pimbi.

"Ndiyo, mzee. Ila leo tusiangalie haraka. Tusuke mkeka mmoja mmoja. Atakayepoteza unga kidogo kuliko mwenzake ndiye mshindi."

Ndovu akacheka mpaka gogo likacheza. "Unga unahusu nini na mkeka? Mimi sijawahi kumwaga hata chembe. Haya, suka."

Fyu, fyu, akamaliza mapema, akajinyoosha. Bi Pimbi akasuka polepole mpaka adhuhuri.

"Nimekushinda," akasema Ndovu.

"Kwa haraka umenishinda, hata kesho utanishinda. Sasa niambie, mzee. Muda huo uliosuka, kama ungekuwa unatwanga, ungepata vikapu vingapi?"

Ndovu akahesabu kwa kucha za miguu. "Vitatu."

"Viko wapi?"

Ndovu akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaunyanyua mkeka, akachungulia chini yake.

"Sivioni."

"Umevipoteza. Mimi nimesuka nusu siku. Nusu siku, mimi na wanangu tunatwanga nusu kikapu. Nimepoteza nusu tu."

"Lakini mimi natwanga vizuri kuliko wewe!"

"Ndiyo maana umepoteza zaidi."

"Yaani nimeshindwa kwa sababu ni hodari?"

"Kabisa, mzee. Ungekuwa goigoi kama mimi, ungeshinda."

Ndovu akamgeukia mama mkwe, lakini hakuthubutu kumtazama usoni.

"Umeshindwa, mkwe wangu," akasema yule mama. "Mikeka iingie. Na mimi nina njaa."

"Basi kila siku nitaleta miwili," akasema Bi Pimbi, "na mzee atanipa vikapu vinne."

"Vinne! Huo si unyang'anyi?"

"Ukiisuka mwenyewe vinakupotea sita."

Ndovu akahesabu tena kwa kucha, akakubali. Akaenda kwenye kinu. Puu, puu, puu, nchi nzima ikatikisika, na kwa kuwa huyu mzee kutwanga anajua, nusu siku iliyobaki ilitoa vikapu sita, na kesho yake vikatoka kumi na viwili. Jioni ile ya kwanza Bi Pimbi alichukua viwili kwa mkeka wake mmoja. Vinne vilivyobaki vikaenda vyote kwa mama mkwe, wenyeji wakalamba mwiko. Kuanzia kesho yake, wakala wote.

Majabalini watoto walikula ugali hadi wakalala mikono ikiwa sahanini. Bi Pimbi akawatazama, akalia kwa furaha.

Na mama mkwe? Aliposhiba, alifungua kifurushi chake, akatundika nguo ukutani. "Kwa chakula hiki," akasema, "nakaa miaka mitatu."

Bwana Ndovu akazimia, tii! Bi Pimbi akakimbilia kukata ukindu mwingine.

Haya, wanangu: kabla ya kujisifu kwa unachokiweza, hesabu kwanza unachokiacha ukikifanya.