Maganda Hayatoki Jasho

Wahenga waliosema polepole ndio mwendo hawakuwa wameona gari, lakini watu waliwajua vizuri. Maana ya maneno yao ni nyepesi: anayekwenda taratibu ndiye anayekwenda kweli, kwa sababu huona alipo, huona anaowapita, na hufika bila majuto. Watoto hufundishwa methali hii, wakaiimba na kuiandikia insha. Kisha hukua, hununua magari, huisahau. Bi Luvenia Tarpley wa mji wa Tolliver, kusini mwa Georgia, naye aliisahau kama wengine, mpaka alipokumbushwa kwa karatasi mbili za faini. Alizilaani karatasi hizo kwa miezi minne. Hadithi hii ni ya namna alivyokuja kuzishukuru.

Ukiingia Tolliver kutoka kaskazini, barabara kuu inanyooka katikati ya mashamba ya karanga, na sheria inakuruhusu maili hamsini na tano kwa saa. Mara, bila hodi, unatakiwa uwe kwenye thelathini na tano. Kibao kinachosema hivyo kipo, ila kimesimama nyuma ya matawi ya mti wa pekani ambao halmashauri haikuwahi kuona sababu ya kuupogoa. Hatua mia mbili mbele, ubavuni mwa ghala la karanga, alijibanza Wendell Strickland, mkuu wa polisi wa mji na polisi wake wa pekee, akiwa na tochi yake ya kupimia mwendo. Wasafiri waliokimbilia fukwe za Florida walipigwa tochi mmoja baada ya mwingine, wakalipa, wakaondoka wakiulaani mji ambao hata jina lake hawakulishika.

Wendell hakuweza kukaa pale kutwa. Alipokwenda kula au kulala, aliacha mahali pake gari kuukuu la polisi ambalo injini yake ilikufa zamani, na ndani yake, nyuma ya usukani, aliketisha sanamu. Alilivalisha sare yake ya zamani, kofia pana na miwani nyeusi, na tumbo lake alilijaza maganda ya karanga. Wageni waliliona wakakanyaga breki. Wenyeji walilipa jina, Naibu Maganda, wakalifanyia na desturi: ukimpita Naibu Maganda, unapiga honi mara mbili, unapiga saluti, na unakanyaga mafuta. Shemasi Purvis alifanya hivyo akienda kanisani. Hata mke wa meya alifanya hivyo, tena kwa madaha.

Luvenia naye alikuwa mpiga saluti hodari. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, pikapu ya bluu, na mume aitwaye Cleophus ambaye figo zake zilikuwa zimechoka kwa kisukari. Mara tatu kwa wiki alitoka naye nyumbani kwao, upande wa kaskazini, akapita Tolliver na kumpeleka mji wa Carrow, mwendo wa dakika hamsini, akasafishwe damu kwa mashine. Hapakuwa na basi la kwenda huko, wala mtoto wa kuwasaidia. Wao walikuwa wawili tu na pikapu yao. Leseni ya Luvenia ndiyo iliyokuwa uhai wa Cleophus, na hilo halikuwa fumbo kwa mtu yeyote.

Karatasi ya kwanza aliipata Januari, akanung'unika, akalipa. Ya pili ilimkuta Machi. Siku hiyo Cleophus alikuwa akitapika kwenye ndoo, naye Luvenia akaingia mjini kwa maili arobaini na saba. Kwa bahati mbaya aliyekuwa pale ghalani hakuwa Maganda. Wendell alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama Cleophus, akaandika hivyo hivyo.

"Bi Luvenia, ningekuandikia hata kama ungekuwa mama yangu," alisema. "Nenda polepole."

"Sawa, afande. Nakuambia na wewe: siku utakapokwama, usinitafute."

Mbele ya hakimu wa mji mambo yakawa mazito zaidi. Hakimu alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha, kwamba akipata karatasi ya tatu ndani ya mwaka huo, leseni itachukuliwa. Luvenia alirudi nyumbani. Alikibandika kile kikaratasi cha pili juu ya kioo cha mbele cha pikapu, pale kwenye kizuia jua, kimtazame kila aendapo. Tangu siku hiyo alipita Tolliver kwa maili thelathini na nne, asubuhi na jioni, awepo Wendell au awepo Maganda. Alisema hawezi kuuweka uhai wa mumewe kwenye bahati nasibu ya nani ameketi kwenye gari lile.

Mji ulimcheka. Vijana wa ghalani walimwita Bi Kobe. Malori ya karanga yalimpigia honi kwa nyuma, kisha yakampita kwa vumbi. Shemasi Purvis alimuuliza mbele ya kanisa zima kama pikapu yake inavutwa na ng'ombe. Luvenia alitabasamu kwa meno tu, kisha alipofika nyumbani akamlaani Wendell Strickland kwa jina lake kamili, na la babake.

Ikafika Jumanne moja ya Julai, joto la kukaanga mayai juu ya bati. Jumamosi iliyotangulia, dhoruba ilikuwa imekata umeme huko Carrow, na Cleophus akakosa zamu yake ya mashine. Sasa miguu ilikuwa imevimba na pumzi inamjia kwa shida. Alitakiwa awe kwenye kiti chake saa nne kamili. Ukichelewa sana, kiti anapewa mwingine, nawe unasubiri mpaka kesho. Kwa hali ile, Cleophus hakuwa mtu wa kusubiri mpaka kesho. Na asubuhi hiyo hiyo, kana kwamba imeambiwa, pikapu ikakataa kuwaka kwa robo saa nzima.

Walipofika karibu na mti wa pekani walikuwa tayari wamechelewa. Luvenia akapunguza mwendo. Mbele, ubavuni mwa ghala, lilionekana lile gari kuukuu, na ndani yake kofia pana na miwani nyeusi.

"Ni Maganda," Cleophus alisema kwa pumzi fupi. "Kanyaga, mke wangu. Leo tu."

Mguu wa Luvenia ulitaka. Alikiri baadaye kwamba ulikuwa umeanza hata kushuka. Akainua macho, akaiona karatasi ya faini inamtazama, akauondoa. Nyuma yake lori la karanga lilipiga honi kwa hasira, likapinda, likawapita. Dereva akampigia Naibu Maganda honi mbili na saluti, akayoyoma. Luvenia akabaki na maili zake thelathini na nne, akitambaa, akihesabu dakika za kiti cha Carrow. Na kwa kuwa alikuwa akitambaa, aliona kitu ambacho mtu wa maili sitini asingekiona. Shingoni mwa Naibu Maganda, kwenye kola ya sare, palikuwa pamelowa.

Alikanyaga breki.

"Unafanya nini?" Cleophus aliuliza. "Luvenia, hilo ni sanamu."

"Maganda hayatoki jasho," alisema, akafungua mlango.

Alikuwa Wendell mwenyewe. Ilikuwa hivi: mke wa meya alikuwa amempita Maganda kwa maili sabini na kusimulia jambo hilo kwenye sherehe huku anacheka, na habari zikamfikia mkuu wa polisi, zikamkera. Akaazimia kuwanasa wenyeji kwa desturi yao wenyewe. Alfajiri ya siku hiyo alimlaza Naibu Maganda kwenye buti la gari, akavaa miwani yake, akaketi mahali pake bila kutikisika. Kuwafukuza hakukuwa na haja. Alimjua kila mtu kwa jina na kwa nyumba. Jambo ambalo mji haukujua, kwa sababu alilificha kwa aibu, ni kwamba Wendell alikuwa na kisukari. Alijichoma insulini yake kama kawaida, lakini kwa pupa ya kuwahi mtego akaondoka bila kula kitu. Sukari ilipoanza kushuka alidhani ni joto. Alipotambua, mikono haikumtii tena. Redio ya upepo ilikuwa begani pake, kidole hakifiki. Aliketi pale akiwasikia watu aliotaka kuwanasa wakimpita mmoja mmoja, honi mbili, saluti, na vumbi.

Luvenia aliivua ile miwani. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona. Shati lilikuwa limelowa chapachapa na midomo inatetemeka bila neno. Mtu mwingine angedhani amelewa. Luvenia alikuwa amemwona Cleophus katika hali hiyo mara mbili, na hakupoteza hata dakika ya kushangaa. Alirudi mbio kwenye pikapu, akachukua mfuko wa mumewe, akatoa kichupa cha shira ya muwa ambacho hawakutoka nyumbani bila kuwa nacho. Akachovya kidole, akampaka Wendell ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo, asije akapaliwa, tena na tena. Kwa mkono mwingine alibonyeza redio ya begani pake akaomba gari la wagonjwa.

Cleophus, na miguu yake iliyovimba, alikuwa ameshashuka. Alijikongoja mpaka pale, akaegemea mlango, akaanza kumpepea mkuu wa polisi kwa kofia yake mwenyewe.

"Rudi, Wendell," alimwambia. "Huko unakokwenda mimi nimeshafika mara mbili. Hakuna kitu."

Dakika kadhaa zikapita, ndefu. Kisha Wendell akameza. Luvenia akampa juisi ya tufaha, funda moja, funda la pili, na rangi ikaanza kumrudia usoni. Kitu cha kwanza alichouliza ni saa ngapi. Cha pili, alipomwona Cleophus amesimama juani akihema, ni kwa nini hawako Carrow. Luvenia aliitazama barabara ya Carrow. Alikuwa ameshajua kwamba kiti kimekwenda, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa ajili ya hilo, wala hakuyaficha.

Wendell alielewa. Kwa mkono ambao sasa ulianza kumtii aliibonyeza redio yake, na kwa sauti ya mlevi aliyeamka akawaomba watu wa simu za dharura waipigie hospitali ya Carrow, wamshikie Cleophus Tarpley kiti chake, kwa maana anachelewa kwa sababu anaokoa mtu. Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu wakampima, wakasema robo saa nyingine na wangekuja kuchukua maiti. Luvenia aliufunga mlango wa pikapu, akamfunga mumewe mkanda, akapita mji wote wa Tolliver kwa maili thelathini na nne. Kiti kilikuwa kinamsubiri Cleophus. Jioni hiyo alipumua vizuri na kuomba ale.

Jumapili, baada ya ibada, Wendell alifika nyumbani kwao amevaa nguo za kiraia, ameshika keki iliyookwa na mkewe. Cleophus aliitazama keki, akamtazama mgeni.

"Afande, mimi nina kisukari, wewe una kisukari, halafu unaleta keki. Mkeo anatutakia nini?"

Walicheka, na ule ugumu wa kuanza ukaondoka. Wendell alishukuru kama ashukuruvyo mtu asiyezoea, akiangalia mikono yake. Alisema alizihesabu honi siku ile, zilikuwa jozi kumi na moja, na moja alikuwa ameitambua, ya Shemasi Purvis. Kisha akasema amezungumza na hakimu, amemweleza kwamba siku ile ya Machi ilikuwa ya kumsaidia mgonjwa, si ya kuandika, na hakimu yuko tayari kuifuta ile karatasi ya pili. Aliomba tu Luvenia ampe nakala yake.

Luvenia alitoka hadi kwenye pikapu, akarudi nayo. Ilikuwa imepauka kwa jua na kingo zimejikunja. Hakumpa.

"Futeni huko kwenu, nami nashukuru sana," alisema. "Lakini hii ni yangu. Miezi minne nimeilaani. Bila karatasi hii, Wendell, ningekupita maili sitini nikikupigia saluti. Ningekuwa wa kumi na mbili."

Keki ilikuwa mezani, haijaguswa.

"Na nilikuambia usinitafute," Luvenia akaongeza, sauti imeshuka. "Neno lile limeninyima usingizi."

"Sikukutafuta," alisema Wendell. "Ulikuja mwenyewe. Mungu akubariki, Bi Luvenia, ulikuja mwenyewe."

Asubuhi ya Jumatatu waliokuwa wakienda kazini walimkuta mkuu wa polisi amepanda ngazi, ana msumeno, anakata matawi ya mti wa pekani. Alikata mpaka kibao cha thelathini na tano kikaonekana tangu mbali, cheupe, kama kimewekwa jana. Halmashauri ilinung'unika kuhusu mapato. Akawaambia msumeno anao bado, kama kuna mti mwingine.

Naibu Maganda amerudishwa garini mwake, na desturi ya honi ipo. Ila imebadilika kidogo, na hakuna aliyepitisha azimio ili ibadilike. Sasa kila mtu wa Tolliver anapofika ghalani hupunguza mwendo kwanza, huinama kidogo upande wa dirisha, hulitazama lile sanamu shingoni kama kuna jasho. Akishaona ni pakavu, ndipo anapiga honi zake mbili. Shemasi Purvis ndiye anayetazama kwa muda mrefu kuliko wote, na magari nyuma yake humsubiri. Hakuna anayemwita mtu kobe siku hizi katika mji ule, kwa maana wamekwisha kuona kwa macho yao kwamba kumi na moja walikwenda mbio wasifike popote, na mmoja alitambaa akamfikia mtu. Kweli, polepole ndio mwendo.