Agnes Mvushaji na Sauti za Ng'ambo

Sogeeni karibu. Nipeni masikio, nami nitawapa mto.

Hapo kale, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na kijiji kando ya mto usio na daraja. Aliyewavusha watu kwa mashua alikuwa Agnes, mjane. Mto ulikuwa umemmeza mumewe, Wilfred, na maiti yake haikuonekana.

Asubuhi moja ukungu ulitanda. Sauti ikaita kutoka ng'ambo: "Agnes, nivushe!" Ilikuwa sauti ya jirani yake. Akapiga makasia, akafika, asikute mtu. Aliona nyayo mbichi tu zikiingia majini. Akarudi. Sauti ikaita tena, sasa ya kasisi. Akavuka, akakuta nyayo zilezile. Mara ya tatu ikaita sauti ya Wilfred: "Mke wangu, nasikia baridi."

Agnes akashika makasia, akavuka. Wilfred alikuwa amesimama pale, maji yakimchuruzika, macho ameyafumba.

"Panda, mume wangu," akamwambia.

Walipofika katikati, mashua ikagoma. Mto ukanena chini ya mbao: "Huyu ni wangu. Ukimtaka, nipe mwingine."

"Nichukue mimi," Agnes akajibu. "Ila yeye afike nyumbani mzima."

"Atafika mzima," mto ukasema, "wala hatakulilia."

Wanakijiji waliipokea mashua. Wilfred akashuka mkavu, mashavu mekundu, akicheka kwa furaha ya kuwaona.

"Agnes yuko wapi?" wakamuuliza.

Wilfred akawatazama mmoja mmoja.

"Agnes ndiye nani?"

Mimi nimeishia hapo. Mto ungali unapita.